Soksi Tatu, Kamba Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Mvua imejileta yenyewe; mimi nimeamriwa. Mwalimu mpya wa kwaya, binti ambaye ningeweza kumzaa, ametuambia kila mmoja atafute daftari aandike kila siku amejifunza nini kuhusu noti. "Hata sentensi moja inatosha," kasema. Haya, sentensi moja: sijajifunza kitu, na shuka za watu hazikauki.

Jumatano, 5 Machi

Leo sentensi moja haitoshi.

Kwaya hii aliianzisha Baba. Tangu mwanzo tuliimba kwa kusikia: yeye anashika karatasi, anaimba mstari, sisi tunarudia mpaka ukae kichwani. Hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya kusoma. Moyo ulipomlaza kitandani tukabaki kama kuku waliofunguliwa banda, kila mtu na lake, mpaka kamati ikamleta huyu binti. Mchana anauza kwenye duka la dawa, jioni anatufundisha, na penseli haimtoki kwenye nywele. Besi Mkubwa, fundi viatu wetu, alimbatiza jina siku ile ile: Penseli. Mimi wananiita Pasi. Wanasema ni kwa sababu nafua na kupiga pasi nguo za watu. Waongo. Ni kwa sababu napata moto haraka.

Na leo nimepata. Penseli ameandika ubaoni wimbo wa Baba, ule wa "Mlango u wazi, rudini nyumbani". Mtaa huu haujaozesha wala kuzika mtu bila wimbo huo. Ndio tutakaouimba kwenye jubilei ya kwaya, Jumamosi ya mwisho ya Mei, Baba akiwa ameketi mbele kama mgeni rasmi. Tukaimba. Tulipofika "nyumbani", Penseli akasimamisha sauti ya pili, yaani sisi.

"Dada, hiyo 'ni' ya mwisho mmeipandisha. Inatakiwa irudi pale pale ilipoanzia 'nyu'."

Huo mpando ndio sisi wenyewe! Watu wanatutambua kwa huo. Kwaya ya mtaa wa pili walijaribu kutuiga wakashindwa.

"Ndivyo alivyotufundisha," nikasema.

"Najua, dada. Lakini karatasi inasema vingine."

"Kwani karatasi ina mdomo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Haina mdomo, lakini inasomeka. Njoo uisome."

Nikabaki nimesimama kama nguzo, maana sijui kusoma hata noti moja. Nimerudi nyumbani nimelowa na nimekasirika, na nimeapa. Nitavijua hivi viluwiluwi vyote kabla ya jubilei, nisimame mbele ya huyu binti na kumsomea kwa kinywa changu kwamba Baba yuko sahihi.

Alhamisi, 6 Machi

Mistari mitano, nafasi nne katikati yake. Noti inakaa juu ya mstari au ndani ya nafasi. Kumbe ni hivyo tu? Hata mtoto angeweza.

Jumamosi, 8 Machi

Nilihesabu mistari kutoka juu. Inahesabiwa kutoka chini, kama ghorofa. Kazi yangu yote ya siku mbili ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu, na Besi Mkubwa akasema kwa sauti yake ya pipa, "Pasi, wewe umeanika nyumba kwenye kamba."

Niliporudi Baba akaniuliza huyo binti anatufundisha nini. Nikamwambia noti. Akatazama dari. "Aliwahi kutokea mtu mwingine wa kunisomea noti," akasema. Hakutaja jina, na mimi sikuuliza. Sote wawili tulijua.

Ni mama mdogo, mdogo wake Mama. Nilikuwa msichana wa shule, nimekaa benchi la nyuma nimeshika mkoba wa Mama. Wao wawili waliimba sauti ya pili bega kwa bega. Mama mdogo alikuwa amesomeshwa noti shuleni kwao. Siku hiyo akanyoosha mkono: "Shemeji, hiyo 'ni' ibaki chini." Baba akaenda na karatasi dirishani, akaitazama kwenye mwanga, akarudi. "Mwenye macho haambiwi tazama. Alama ya kuishusha iko wapi?" Mama mdogo akasema, "Ipo, shemeji, ingawa haionekani." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akafungua mdomo aeleze, Baba akapiga rula mezani. "Kwenye kwaya yangu hatuimbi visivyoonekana. Weka karatasi, toka."

Akaiweka juu ya kiti, akatoka. Mama alibaki, akaendelea kuimba.

Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani. Mama alipougua, mama mdogo alikuja getini, Baba akamwambia mgonjwa amelala. Alikuja tena na tena, na kila siku mgonjwa alikuwa amelala, mpaka siku aliyolala kweli. Sasa ana duka la vifungo na zipu, mtaa wa nyuma ya huu wetu. Kifungo cha mteja kikikatika kwenye kufua, mimi navuka mitaa miwili zaidi nikanunue kwingine. Sikuwa na ugomvi naye. Ila nilikuwa binti wa baba yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimewasha jiko la mkaa koridoni nikaushe mashati ya wahudumu wa hoteli. Yamekauka yakinuka moshi. Nimeyafua upya.

Jumatano, 12 Machi

Koridoni nina kamba nne za kuanikia. Leo nimefunga ya tano. Sasa nimepata mistari mitano, na noti zangu ni soksi. Soksi kwenye kamba ya pili kutoka chini, nataja jina lake. Soksi kati ya kamba na kamba, hiyo naishikiza kwa uzi, nataja jina lake. Kidogo kidogo zinaniingia. Baba ananiona kupitia mlango ulio wazi.

"Kazi zimeongezeka?"

"Zimeongezeka, Baba."

Jumamosi, 15 Machi

Noti nyeupe huvutwa zaidi, noti nyeusi hupita haraka. Umeme umekatika.

Jumamosi, 22 Machi

Leo tumefundishwa flati. Ni alama ndogo, imetuna tumbo upande mmoja. Ikikaa mbele ya noti, noti inashuka nusu hatua. Penseli akatugawia kila mmoja karatasi ya wimbo wake. Sikuifungua palepale, niliikunja nikaiweka kifuani isilowe.

Nimeifungua juu ya meza ya pasi. Nikatafuta "nyumbani" kwa kidole. "Nyu" iko mstari wa tatu, mbele yake kuna flati, inaonekana wazi. "Mba" iko kwenye nafasi ya chini yake. "Ni" imerudi mstari wa tatu, na mbele yake hakuna kitu. Nimeileta karibu na taa, nimeigeuza, nimefuta kwa ncha ya kanga nisije nikawa naona vibaya. Hakuna kitu, kweupe kabisa. "Nyu" imeshushwa, "ni" haikushushwa. Basi "ni" lazima iwe juu, kama tulivyoiimba siku zote.

Baba yuko sahihi! Nimesoma mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili!

Jumatano, 26 Machi

Nimesimama mbele ya watu wote, nimechukua chaki ya Penseli mkononi mwake, nimeonyesha. "Flati hii hapa. Hapa hakuna. Mwenye macho haambiwi tazama." Sauti ya pili wote wakapiga makofi. Besi Mkubwa akapiga mluzi.

Penseli akasema, "Umesoma vizuri sana, dada. Kweli hapo hakuna alama iliyoandikwa." Akaichomoa penseli, akairudisha. "Ila bado hatujafika kwenye vyumba."

"Vyumba vya kupanga?" nikamuuliza, na ukumbi ukavunjika mbavu. Akainama akafuta ubao. Ule mwinamo wake ulinipendeza, nasema kweli, nilifurahi kumwona vile.

Nimemweleza Baba kila kitu. Amecheka mpaka akakohoa. Akaomba chai, akaomba na sukari iongezwe. "Nilijua," akawa anasema. "Yule mwanamke alitaka kuniaibisha mbele ya kwaya yangu. Mwanangu, wewe ndiye utakayelisema hilo siku ya jubilei. Usimame ulisome."

Jumapili, 30 Machi

Baba amekula akamaliza. Ameimba "nyumbani" mwenyewe kitandani, na mpando wake.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Penseli amechora mistari mitano, halafu akaikata kwa vistari vilivyosimama wima. "Hivi ni kuta," akasema, "na kati ya ukuta na ukuta ni chumba. Kwenye wimbo huu kila chumba kina mapigo manne." Tukapiga makofi manne manne, ikawa mchezo, Besi Mkubwa akawa anagonga "mlango" kila tukifika ukutani. Nami nikacheka na wenzangu.

Kisha akasema, polepole, akiwa ameutazama ubao: "Na alama ikishaingia chumbani, inakaa humo mpaka ukuta. Kila noti ya mstari ule ule, ndani ya chumba kile, inaitii. Haiandikwi mara ya pili. Haina haja."

Hakunitazama. Angenitazama ningepata pa kugombania. Hakunitazama hata kidogo.

Nikaishusha karatasi chini ya kiti nikaisoma magotini. "Nyu" na "mba" na "ni" zimo chumba kimoja, na ukuta uko baada ya "ni". Ile flati ya "nyu" ilikuwa imekaa mle mle ndani, inaishika na "ni" pia. Mwanzo na mwisho ni sauti moja. Inarudi pale pale ilipotoka.

Ipo, shemeji, ingawa haionekani.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, wenzangu wanaimba. Nikakumbuka vile watu walivyomcheka mama mdogo, na nikakumbuka kwamba na mimi, mtoto wa benchi la nyuma, nilicheka. Wiki iliyopita nimechekesha watu hao hao kwa jambo hilo hilo. Tena nikamnyang'anya mtu chaki!

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeunguza shati la mteja.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikwenda mazoezini. Nimewatumia ujumbe kwamba nina mafua.

Jumanne, 8 Aprili

Penseli amekuja hapa, amelowa chapachapa, viatu mkononi. Sikuwa na kiti kitupu. Akakaa juu ya kapu la nguo chafu bila kinyaa.

"Nimekuletea dawa ya mafua," akasema.

"Sina mafua."

"Najua. Ni peremende."

Nikacheka bila kupenda. Akaniambia hata yeye aliimba kosa lile lile mbele ya mtahini, mtihani wake wa kwanza, akafeli. "Anayejifunza bila mtu wa kumrudia huanguka hapo hapo, dada. Mzee wako alisoma karibu kila kitu sawasawa. Kapitiwa na kanuni moja. Na kusema kweli, ule mpando ni mzuri. Mkitaka kuuimba siku ya jubilei, imbeni. Mimi nilitaka tu mjue mnachokiimba."

Na mimi nilikuwa nimemwona mtu wa maringo! Kumbe ile penseli anaichomoa akiwa na woga.

Mara Baba akauliza kutoka chumbani, "Nani huyo?"

"Mteja, Baba."

Penseli akatazama viatu vyake. Akaniaga kwa kunong'ona.

Jumatano, 16 Aprili

Miguu ya Baba imevimba. Daktari anasema moyo umechoka, apewe dawa kwa wakati, asiinuliweinuliwe, na hasa asiudhiwe. "Mfurahisheni tu," amesema akifunga mkoba. Nitamfurahisha kwa lipi?

Alhamisi, 17 Aprili

Siku nzima mvua haikukatika hata kwa dakika moja. Shuka za nyumba ya wageni zina siku ya nne.

Jumanne, 22 Aprili

Baba ameniita nimkalie karibu. Amepanga jubilei yote kichwani: gari la kumchukua, kiti chenye mto, na mimi nisimame mbele nisome ile sehemu ya "nyumbani", nionyeshe hakuna alama. Halafu akanishika mkono.

"Na yule mama yako mdogo mwalike. Akae mbele. Asikie."

"Baba, ya nini yote hayo?"

"Aliniambia mbele za watu. Ajibiwe mbele za watu."

Hakuwa na chuki usoni, na hilo ndilo linaloniumiza. Alikuwa na furaha, kama mtu aliyekumbuka alipoweka kitu chake. Na furaha hiyo nimemlisha mimi kwa kijiko. Nikinyamaza, mama mdogo ataitwa kutukanwa mara ya pili, na safari hii kwa kinywa changu. Nikisema, daktari amenionya. Nimefua mpaka vidole vimekunjamana na sijapata jibu.

Ijumaa, 25 Aprili

Baba ameuliza kama nimeshamwalika. Nimesema mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwambia.

Ilikuwa mchana, mvua imepungua, amekula kidogo, ana nguvu ya kukaa ameegemea mito. Akaanza tena: umemwalika? Nimetoka koridoni, nimeondoa nguo zote za watu kwenye kamba tano. Nimeanika soksi nyeusi kamba ya tatu. Nyeupe chini yake kidogo, katikati ya kamba. Nyeusi nyingine tena kamba ya tatu. Mbele ya ile ya kwanza nikabana bibu ya mtoto. Mwishoni kabisa nikateremsha taulo refu kutoka kamba ya juu mpaka ya chini. Kisha nikaufungua mlango wote.

"Baba, soma."

Macho yake bado makali. Akatazama, akatabasamu. "Nyu. Mba. Ni." Akaimba, akapandisha. "Ulikuwa unanichezea hivi kumbe, siku zote? Hiyo bibu ndiyo flati?"

"Ndiyo, Baba."

"Na taulo?"

"Ukuta."

"Najua ukuta. Wa mapigo manne."

"Flati inaishia wapi, Baba?"

"Inaishia kwenye noti yake."

"Inaishia kwenye ukuta."

Matone yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo, nayakumbuka. Akaniuliza, "Nani kasema?"

"Kila anayesoma, Baba."

"Yule binti?"

"Na mama mdogo. Ndilo alilotaka kukueleza siku ile. Ulipiga rula."

Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa afoke. Akazitazama soksi kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Halafu akaimba chini chini, na ile ya tatu akairudisha pale ilipoanzia ya kwanza. Akarudia mara moja, kama mtu anayeonja chumvi.

"Anua hizo soksi," akasema, akageukia ukutani.

Jumapili, 27 Aprili

Hakusema neno.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakusema neno. Amekula vijiko viwili vya uji.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemuua baba yangu kwa soksi. Besi Mkubwa amekuja kumwona na vichekesho vyake vyote, Baba hakufumbua macho. Besi akatoka analia, akajifanya ni moshi wa jiko.

Alhamisi, 1 Mei

Amesema. Nilikuwa nambadilishia foronya.

"Yule mpiga tarumbeta aliyenionyesha noti ujanani alinifundisha jioni tatu tu," akasema, uso bado ukutani. "Jioni ya tatu alikuwa anasema haraka haraka, ana safari. Niliona aibu kumwambia anirudie."

Nikaendelea na foronya.

"Mama yako alijua?"

"Sijui, Baba."

"Alijua. Pale kwenye 'ni' alikuwa akiimba polepole sana, haisikiki. Nilidhani amechoka. Nikawa namwambia: mke wangu, toa sauti."

Akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Nimemshika kichwa kama mtoto. Alipotulia akasema, "Mwite mdogo wake. Siyo kwa ajili ya jubilei. Mwite aje hapa."

Ijumaa, 2 Mei

Nimevaa gauni la kutokea kwenda mtaa wa nyuma tu.

Duka lake dogo, safi. Alikuwa anachambua vifungo kwa ukubwa, anaviweka kwenye vifuniko vya chupa. Amezeeka, lakini shingo ni ya Mama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unataka vifungo vya ukubwa gani?"

Nilistahili. Nikamweleza hivyo hivyo nimesimama: noti, flati, ukuta, soksi. Hakuacha kuchambua vifungo. Nilipomaliza akasema, "Siku zote nilijua niko sahihi, mwanangu. Wala haikunipa joto."

"Anakuita. Hali yake si nzuri."

Hapo mkono ukasimama. "Nilisimama getini kwenu, dada yangu yu hai. Naliona dirisha lake. Naambiwa amelala. Kesho naambiwa amelala. Sasa kamwambie na mimi nimelala."

Nikalia mbele ya zipu zake zote. Akaniacha nilie. Mwishowe akapitisha mkono juu ya meza, akanirekebishia ukosi wa gauni, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo.

"Nitakuja," akasema. "Lakini siyo leo. Jumatatu nafunga mapema. Acha na yeye asubiri kidogo, ajue kusubiri kukoje."

Nilitaka kumwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini ningempa nani methali mimi, wa nyumba ile? Amenifungia pakiti ya vifungo vyeupe, nikaondoka.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwambia Baba Jumatatu. Ameomba anyolewe ndevu leo leo. Kila geti likigonga kwa upepo anauliza, "Ni yeye?"

Jumapili, 4 Mei

Nimempigia pasi shati jeupe, na vile vifungo vipya nimeshona. Nimeweka kiti karibu na kitanda. Mchana nimemsikia anafanya mazoezi: nyu, mba, ni. Mara inapanda, anaishusha, anaanza upya. Koo lake limezoea kupanda.

"Pumzika, Baba."

"Asije akanikuta naikosea."

Jumatatu, 5 Mei

Baba ameondoka asubuhi. Nilikwenda kumchukulia chai, nikarudi hayupo. Shati jeupe lilikuwa kwenye kiti.

Mama mdogo alikuja mchana. Amefunga duka, amevaa vizuri, ana mwavuli na kifurushi cha matunda ya mgonjwa. Mimi ndiye niliyekwenda kumfungulia geti. Aliona watu wamesimama uani, akaniona uso.

"Amelala?" akaniuliza.

Mungu wangu, sikuwa na neno jingine. "Amelala, mama mdogo."

Kifurushi kikamtoka. Tumeokota matunda sote wawili kwenye tope.

Jumatano, 7 Mei

Tumemzika leo. Mvua ilitupa nafasi.

Kabla ya kuanza Penseli alinivuta pembeni, macho mekundu. "Dada, tuimbe ipi? Yake au ya kwenye karatasi? Uamuzi ni wako."

Nikamwambia ya kwenye karatasi. Mama mdogo alikuwa anatudai hilo sisi sote, na Baba mwenyewe alikuwa ameifanyia mazoezi mpaka siku ya mwisho. Penseli akawapitia sauti ya pili mmoja mmoja sikioni: ikifika "nyumbani", irudini chini.

Tulipojipanga, mama mdogo akatoka kwa wafiwa akaja akasimama kwetu, ubavuni kwangu, pale alipokuwa anasimama Mama. Hakukaribishwa na mtu wala hakuomba. Hakushika karatasi.

Tukaimba. Mlango u wazi. Nikausikia ukuta unakuja. Sauti ya pili yote ikarudi chini pamoja, vizuri, sawasawa, kama ilivyoandikwa. Na mama mdogo peke yake akapanda.

Sauti yake ya kizee, nyembamba, imesimama juu yetu sote, inagongana na yetu mpaka masikio yanauma. Hakuiondoa. Aliivuta mpaka mwisho. Siku ile alifukuzwa kwa kubaki chini peke yake. Penseli alikuwa ameinua mkono wa kutuongoza, nikamwona anaushusha taratibu, hakumsimamisha.

Watu walipoanza kutawanyika, Besi Mkubwa akamjia kwa upole. "Mama, pale kwenye 'nyumbani' tumebadilisha siku hizi. Nadhani hukuambiwa."

"Niliambiwa," mama mdogo akasema.

Akanishika mkono tushuke kwenye utelezi. Tulitembea kidogo, kisha akasema, bila kunitazama, "Ndivyo alivyotufundisha."

Matone yameanza tena tukiwa njiani, na mwavuli wake umetutosha sote wawili.